Sista, hii chupa ya mtoto ni salama?

Barua nyingi mwezi huu zinauliza jambo moja: chupa za plastiki za watoto. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mengi mliyouliza nyote yamo humo.

Shikamoo Sista. Nina mtoto wa kwanza, wa kike, ana miezi miwili na wiki tatu. Naishi Tabata Segerea na likizo yangu inaisha, narudi kazini Posta. Nina chupa tatu. Moja nilinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, shilingi elfu tatu, haina maandishi yoyote. Ya pili kaniletea wifi yangu kutoka Muscat, imeandikwa "BPA Free". Ya tatu kanipa mama mkwe. Ni ngumu, inaonyesha ng'ambo kama glasi, anasema ndiyo iliyomlea mume wangu na haijawahi kupasuka. Sasa kazini kuna sauti inazunguka WhatsApp kwamba chupa za plastiki zinawapa watoto kansa. Mama mkwe anasema ni maneno ya wasio na kazi. Na dada anayenisaidia nyumbani huwa anapasha maziwa humo humo kwenye chupa, kwa maikrowevu. Nimechanganyikiwa. Nitupe zote?
*Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Usitupe zote. Tumia moja, hiyo ya wifi yako. Nitakueleza kwa nini, na pia nitakueleza kwamba hata hiyo inaweza kuharibiwa na jiko lako mwenyewe.

Tuanze na ya mama mkwe, kwa sababu najua hapo ndipo pazito. Igeuze uangalie chini. Chupa nyingi za plastiki zina alama ya pembetatu yenye namba ndani. Ukikuta 7, au usipokuta kitu lakini chupa ni ngumu, nzito kidogo, inang'aa kama glasi na ina umri wa mumeo, basi ichukulie kuwa ni polikaboneti. Si kila namba 7 ni polikaboneti, maana namba hiyo ni ya plastiki zote zisizo na kundi lao, lakini chupa ngumu na ang'avu za miaka hiyo nyingi zilikuwa za aina hiyo. Ilipendwa sana, na kwa haki, maana ilianguka sakafuni isivunjike na ukaweza kuichemsha kila siku.

Shida ni kitu inachotengenezewa, bisfenoli A, ambayo ndiyo hizo herufi BPA. Kitu hiki hakikuanza leo kutiliwa shaka. Mwaka 1936 mwanasayansi Mwingereza Charles Dodds alionyesha kwamba kikiingia mwilini kinafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, ingawa kwa nguvu ndogo. Miaka ya 1950 viwanda vikaona kwamba kinatoa plastiki imara kweli kweli, kikaingia kwenye vyombo, kwenye utando wa ndani wa makopo ya chakula, na kwenye chupa za watoto.

Plastiki hiyo ikiwa mpya inaachia kidogo. Ikichemshwa mara kwa mara, ikikwanguliwa, ikisuguliwa kwa dawa kali, inaachia zaidi. Hili nimeliona kwa macho kabla sijalisoma. Mwaka 1993 tulikuwa tunaishi Magomeni, na mwanangu wa pili alikuwa na chupa kama hiyo ya mama mkwe wako, zawadi. Niliichemsha kila jioni kwenye jiko la mkaa baada ya kutoka zamu. Ndani kulikuwa na ukungu mweupe wa chokaa, maana maji yetu yalikuwa ya kisima, nami niliusugua kwa stilwaya niliyoifunga kwenye kijiti. Baada ya miezi michache ile chupa haikuonyesha ng'ambo tena. Ukiishika kwenye mwanga wa dirisha unaona mistari myembamba kama nywele, mingi, imekatana, mingine imeanzia chini inapanda hadi shingoni. Nikaendelea kumnyweshea mtoto. Nilikuwa muuguzi, nilijua vijidudu, nilichemsha kwa ajili ya vijidudu. Hakuna aliyenifundisha kwamba chombo chenyewe kinaweza kuchoka kikaingia kwenye maziwa.

Miaka mitano baadaye, Agosti 1998, huko Cleveland, Marekani, mtafiti Patricia Hunt alikuwa anachunguza mayai ya uzazi ya panya. Ghafla panya wake wazima, wale ambao hawakupewa kitu chochote, wakaanza kutoa mayai yenye kasoro. Alihangaika kutafuta chanzo hadi akafika kwenye vibanda vyao. Vilikuwa vya polikaboneti, na mfanyakazi wa usafi alikuwa ameviosha kwa sabuni kali ya sakafu badala ya ile ya kawaida. Plastiki ikaharibika, BPA ikatoka, panya wakaila. Aliichapisha kazi hiyo mwaka 2003. Niliposoma habari zake nilikumbuka stilwaya yangu, na mpaka leo siwezi kupita kwenye karo la mtu nikaona chupa ya mtoto imewekwa pamoja na jiki nikanyamaza.

Baada ya hapo nchi zikaanza kuchukua hatua. Kanada ilitangaza mwaka 2008 kwamba itaziondoa chupa za watoto za polikaboneti. Umoja wa Ulaya ulikataza kuzitengeneza kuanzia 1 Machi 2011, na kuziuza kuanzia 1 Juni mwaka huo huo. Marekani ilifuta ruhusa yake Julai 2012, lakini lazima niseme kweli: sababu waliyotoa ni kwamba viwanda vilikuwa vimeshaacha kuitumia kwenye chupa za watoto, hawakusema wameikuta ni sumu. Ulaya waliendelea kuchunguza. Mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi, ikakipunguza mara 20,000, kwa sababu ya dalili walizoziona kwenye kinga ya mwili. Mwishoni mwa 2024 wakaamua BPA iondoke kwenye karibu vyombo vyote vinavyogusa chakula.

Umeona hapo? Wanazungumzia homoni, na kinga ya mwili. Hiyo sauti ya WhatsApp inayosema mtoto akinyonya chupa ya plastiki anapata kansa imeruka mbali sana na kilichothibitishwa. Usiisambaze. Lakini pia mama mkwe asiseme ni maneno ya wasio na kazi, kwa sababu waliozikataza walikuwa na kazi na waliifanya.

Kuhusu namna ya kumwambia: usimwambie chupa yake ni mbaya. Mwambie ni chupa ya mumeo, na utaihifadhi kabatini pamoja na kadi yake ya kliniki kama ipo bado. Na kweli ihifadhi. Mama huyu alikupa kitu cha thamani kwake.

Ile ya elfu tatu isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na namba, isiyo na alama yoyote, usimpe mtoto. Haiwezekani kuijua kwa kuitazama.

Sasa ya wifi. "BPA Free" ni maneno ya jambo moja tu: haina BPA. Chupa nyingi za namna hiyo ni za polipropilini, namba 5. Utaijua kwa rangi yake ya ukungu kidogo kama maji ya mchele, ni nyepesi na inabonyea ukiiminya. Ni plastiki nzuri kuliko ile ya zamani. Lakini Oktoba 2020 watafiti wa Trinity College ya Dublin, Ayalandi, walizipitisha kwenye utaratibu uleule wa kawaida wa kutengeneza maziwa ya kopo, maji ya moto na kutikisa, halafu wakahesabu chembe ndogo ndogo za plastiki zilizoingia. Walikuta chupa nyingine zinatoa hadi chembe milioni 16 kwa lita moja. Na joto ndilo lililokuwa linaamua: kwa maji ya nyuzi 25 zilitoka kama laki sita kwa lita, kwa maji ya nyuzi 95 zikafika milioni 55. Hawakusema mtoto ataugua. Walipima idadi, na walisema wazi hawataki kuwatisha wazazi. Mimi nachukua hapo kitu kimoja cha jikoni: usitie maji yanayotokota ndani ya chupa ya plastiki, na usiitikise ikiwa ya moto.

Hapa utaniuliza, kama si maji ya moto, poda nitaikorogaje? Kwa sababu maji ya moto yanatakiwa. Maziwa ya kopo si kitu kisafi kabisa kama watu wanavyodhani. Poda inaweza kuwa na vijidudu tangu kiwandani, na kimoja kiitwacho Cronobacter ni hatari sana kwa mtoto mchanga, kinafika mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema poda ikorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Wengi mnakoroga kwa maji ya uvuguvugu ili mtoto anywe haraka. Naelewa, mtoto analia, lakini acheni.

Jibu ni kukoroga kwenye chombo kingine. Mimi kwa mjukuu wangu nina kikombe kikubwa cha stenlesi chenye mdomo wa kumiminia, bila rangi wala maua ndani. Nachemsha maji, nayaacha yatulie, hayazidi nusu saa. Napima maji kwanza, halafu poda kwa kijiko cha kwenye kopo, nakisawazisha kwa mgongo wa kisu safi, sishindilii. Nakoroga kwa kijiko kilichochemshwa. Kisha kikombe nakikalisha kwenye beseni la maji baridi, maji yafike nusu ya kikombe, yasiingie ndani. Kwa joto la hapa kwetu maji ya beseni nabadilisha mara moja. Nikidondosha tone ndani ya kifundo cha mkono nikalisikia la vuguvugu tu, ndipo namimina kwenye chupa. Plastiki haijaonja moto hata kidogo.

Chupa yenyewe unachemsha kwa ajili ya vijidudu, hilo halijabadilika. Itenganishe, izamishe yote kwenye sufuria isiwe na povu la hewa ndani, funika, ichemke. Ikishapoa, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yale ya kwenye birika la chuma, ili chembe zilizotoka wakati wa kuchemsha ziende na maji. Kuosha, brashi laini na sabuni ya vyombo. Ukungu wa chokaa unatoka kwa maji ya ndimu yaliyoachwa humo usiku kucha. Msitie mchanga wala mchele mkatikisa. Na ukiona mikwaruzo ndani, au rangi imebadilika, au chupa inanuka maziwa hata ikiwa kavu, imemaliza kazi.

Maji: kama ya kwenu ni ya kisima na yana chumvi, kama nyumba nyingi za Tabata, usiyatumie kukorogea maziwa ya mtoto. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaizidisha. Tafuta ya bomba la DAWASA kwa ajili yake, hata kama ni ndoo moja.

Maikrowevu, hapana kabisa. Mbali na plastiki, inapasha sehemu moja ikaacha nyingine. Chupa unaishika ya uvuguvugu na katikati kuna maziwa ya kuunguza ulimi. Nimewahi kupokea mtoto mwenye malengelenge kinywani kwa sababu hiyo, na mama yake alikuwa amegusa chupa, akaridhika.

Na sasa jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako yote inazungumzia chupa, hujasema kama unanyonyesha. Kama unanyonyesha, usiache kwa sababu ya Posta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, na ukirudi inakupa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Wengi hawazidai kwa sababu wanaona Posta na Segerea ni mbali, huwezi kwenda na kurudi. Kaa na mwajiri mzungumze uzichukue mwisho wa siku, uondoke mapema kabla ya foleni ya Buguruni. Mchana kamua kwa mkono, kwenye chombo cha glasi au stenlesi chenye kifuniko. Kwenye chumba chenye nyuzi 25 maziwa ya mama yanakaa muda wa saa 4, lakini Dar ya mchana inazidi hapo, kwa hiyo weka kwenye friji ya ofisi, au beba deli dogo lenye barafu. Kwenye friji ya nyumbani yanakaa hadi siku nne.

Na mtoto anaweza kuyanywa kwa kikombe. Nilifanya kazi wodi ya watoto njiti, na tuliwanywesha kwa vikombe vidogo watoto wa kilo moja na nusu. Unamkalisha wima kidogo, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, humiminii, unasubiri autoe ulimi aulambe mwenyewe, kama paka. Dada wa nyumbani atajifunza kwa siku mbili. Kikombe hakina kona wala chuchu, kinaoshwa kikatakata.

Sista, mimi ni baba, naishi Mbagala Rangi Tatu. Mwanangu ana miezi mitano. Bibi yake ameanza kumpa uji wa lishe kwa chupa, na kwa kuwa haupiti, amechoma chuchu kwa sindano ya moto, baadaye akaikata kwa wembe. Mtoto anapaliwa. Bibi anasema ananenepa. Nifanyeje?
*Baba wa Mbagala*

Baba, umefanya vizuri kuandika. Uji usimamishwe leo, si kesho. Kwanza miezi mitano bado. Mpaka atimize miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, na kama hayapo ndiyo hayo ya kopo. Pili, hiyo chuchu iliyokatwa ni hatari zaidi ya chupa yoyote tuliyoizungumza. Tundu la kiwandani limepimwa ili mtoto avute, ameze, apumue. Likikatwa, uji unaingia kwa kasi ambayo hawezi kuizuia, ndiyo huko kupaliwa unakokuona. Na mpira au silikoni iliyochanwa inaendelea kuchanika kila anapoitafuna, mpaka kipande kinabaki kinywani. Ivute sasa hivi kwa vidole viwili pale kwenye mkato uone inavyofunguka.

Akitimiza miezi sita uji mzuri ni ule mzito unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Unaopita kwenye chuchu ni maji mengi na nafaka kidogo, unajaza tumbo haujengi mwili. Kwa bibi, usiende na maneno yangu, nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, nesi amwonyeshe mstari kwenye kadi. Bibi anataka mjukuu anenepe. Hilo mnakubaliana.

Habari Sista. Nina duka la vitu vya watoto Kariakoo. Wateja wananiuliza kama chupa zangu ni "BPA Free" kweli, nami nategemea maandishi ya kwenye boksi. Nifanye nini ili nisiwauzie kitu kibaya?
*Muuza duka*

Asante, ningependa wenye maduka wote waulize hivi. Nunua zenye jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na aina ya plastiki iliyochapwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye boksi tu, maana boksi linachapishwa popote. Ukiona boksi linasema "BPA Free" na chupa ni ngumu na ang'avu yenye maandishi PC chini, yaani polikaboneti, mrudishie aliyekuuzia. Kuna chupa ngumu zenye rangi ya asali iliyokolea, hizo ni plastiki nyingine inayostahimili joto sana, bei yake iko juu. Na weka za glasi pia, wapo wanaozitafuta wasizipate. Ukiwa na shaka na mzigo, Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, uwapelekee waupime.

Ondoa zile ulizozipanga dirishani juani. Jua la Kariakoo linazichosha kabla hazijafika kwa mtoto. Na mabango ya kusifia chupa au "ukinunua kopo unapata chupa bure", usiyaweke. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 za kuuza vyakula vya watoto wachanga zinagusa chupa na chuchu pia, na Tanzania imeziingiza kwenye kanuni zake. Kuuza unaruhusiwa. Kushawishi ndiko kunakokatazwa.

Shikamoo Sista. Mimi ni dada wa kazi Sinza. Mtoto ninayemlea ana miezi saba, anakunywa maziwa ya kopo, na mwezi huu ameharisha mara mbili. Mama yake anasema sichemshi chupa. Nachemsha kila asubuhi, Mungu anaona. Usiku natengeneza maziwa naweka kwenye chupa ya chai, ili akiamka saa nane yawe ya moto. Wamesema akiharisha tena naondoka. Naomba unisaidie.
*Dada wa Sinza*

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nakuamini kwamba unachemsha.

Tatizo ninaloliona ni chupa ya chai. Maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yakikaa kwenye uvuguvugu kuanzia saa tatu ya usiku mpaka saa nane, vijidudu vichache vilivyokuwemo vinazaliana mpaka vinakuwa vingi mno. Chupa ya chai inavitunza kama inavyotunza chai. Yakishatengenezwa, maziwa hayo yanywewe ndani ya muda wa saa 2, na kilichobaki kwenye chupa aliyokwisha kuinyonya kinamwagwa, hata kama ni nusu, kwa sababu mate yake yameshaingia.

Kwa usiku fanya hivi. Chupa ya chai iweke maji matupu, uyatie yakiwa yanatokota, na uwe umeisuuza kwanza kwa maji ya moto. Poda ipime kavu, uiweke kwenye kikopo kisafi kikavu chenye mfuniko. Akiamka, mimina maji kwenye kikombe cha stenlesi uangalie mvuke. Kama hautoki vizuri, washa gesi uyachemshe tena. Koroga, poza kwenye beseni kama nilivyomweleza mama wa Tabata hapo juu. Ni dakika kama tano. Atalia hizo dakika, mbebe mgongoni.

Kisha nataka uangalie kitu kimoja mchana kukiwa na mwanga. Fungua ile pete inayoshika chuchu, uitoe chuchu kabisa, uitazame pete kwa ndani kwenye vile vijia vya kufungia. Ukiona mstari wa rangi ya krimu, ukwaruze kwa kucha na unuse. Hayo ni maziwa ya siku nyingi. Ukichemsha chupa ikiwa imefungwa, hapo maji hayafiki. Tenganisha kila kitu, sugua vijia kwa brashi ndogo, ndipo uchemshe. Usikaushe kwa kitambaa cha jikoni. Pindua juu ya sahani safi yenye kifuniko, mbali na jiko la mkaa. Mikono yako ioshe kwa sabuni kabla ya kushika poda, na baada ya kumbadilisha nepi.

Akiharisha tena, apewe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, aendelee kunywa maziwa, na apelekwe kituo cha afya apate na vidonge vya zinki, vinatumika siku 10 hadi 14. Akiwa na macho yaliyozama, au analala sana haamki kunywa, au kuna damu kwenye choo, msisubiri asubuhi.

Na wewe mama wa mtoto, kama gazeti hili limefika mezani kwako, nakuomba ukae na binti huyu jikoni jioni moja, mfungue hiyo pete pamoja. Kuchemsha anachemsha. La chupa ya chai hakuna aliyemfundisha, na amekuwa akiamka saa nane usiku kwa ajili ya mwanao.